Seli M na chembe zinazooza mwilini: uchague ipi kwa chanjo ya kumeza?

Ukikaa na wanaoanza kazi ya chanjo za kumeza, swali la kwanza huwa lile lile: tutengeneze chembe kwa polima ipi (malighafi ya molekuli ndefu kama mnyororo), PLGA au kitosani? Nami huwajibu kwa swali: mzigo wenu ni nini, na mnataka ufike wapi? Wengi hunyamaza. Wamesoma kurasa nyingi kuhusu polima, lakini hawajajiuliza ni nani atakayeipokea chembe ikifika utumboni, na kabla hajaipokea itakuwa imepitia misukosuko gani.

Ulinganisho huu ni wa mtu wa aina hiyo. Ana protini, au kipande cha kirusi, au DNA. Anataka kuifungia ndani ya chembe ndogo inayooza mwilini, kisha seli M, zile seli za ukuta wa utumbo zinazopokea chembe na kuziingiza ndani, ziimeze. Nimetumia nafasi kubwa kwenye ukubwa wa chembe na malighafi, kwa sababu huko ndiko pesa na miezi ya watu inakopotelea.

Mlango wenyewe

Katika utumbo mwembamba, hasa sehemu ya mwisho kabla haujaungana na utumbo mpana, kuna mabaka ambayo Johann Conrad Peyer wa Uswisi aliyaeleza mwaka 1677. Kila baka ni kundi la vifundo vya limfu vilivyofunikwa na tabaka moja tu la seli. Kwenye tabaka hilo, katikati ya seli za kawaida za kufyonza chakula, zimo seli M. Kwa binadamu na panya ni kama seli moja katika kila kumi za tabaka hilo. Ukihesabu utumbo mzima, hazifiki hata asilimia 1. Owen na Jones waliziona kwa binadamu kwa hadubini ya elektroni na kuzipa jina hilo mwaka 1974.

Seli ya kawaida ya utumbo ina vijidole virefu vilivyosimama kama nywele za burashi, na juu ya vijidole kuna zulia nene la sukari na protini. Chembe ikitua hapo inakaa juu ya zulia, haigusi seli. Seli M imevuliwa zulia hilo. Uso wake una mikunjo mifupi ya ovyo ovyo, na kwa chini imebonyea ikafanya mfuko. Ndani ya mfuko zimekaa seli za kinga, yaani limfosaiti, makrofeji na seli za dendriti, zikisubiri. Kutoka uso wa juu hadi mfukoni ni safari fupi mno, kwa sababu pale mfuko ulipobonyea seli imebaki nyembamba kama utando.

Watu huiita seli ya kinga, na kwa lugha ya kawaida si kosa kubwa. Lakini kwa nasaba seli M ni ya ukuta wa utumbo. Inazaliwa na seli shina zile zile zinazozaa jirani zake, isipokuwa tishu zilizo chini ya baka hutoa ishara iitwayo RANKL, ishara hiyo ikaiamsha protini Spi-B, na seli iliyokuwa iwe ya kufyonza chakula ikageuka kuwa M. Haiui wala haimeng'enyi kwa bidii. Ni bawabu: anapokea mgeni, anamwingiza ndani, basi. Wenye meno wako mfukoni. Ndiyo maana chembe yako lazima iwaridhishe wawili, bawabu anayefungua na makrofeji au seli ya dendriti inayokula. Anayechagua polima kwa kumfikiria bawabu peke yake huishia na chembe zinazoingia vizuri na kinga isiyoamka.

Kwamba mlango huu uko wazi kwa binadamu, vijidudu vilishajua kabla yetu. Salmonella, Shigella, Yersinia na kirusi cha polio vyote hupita hapo, na ndiyo sababu taifodi ikitoboa utumbo hutoboa kwenye mabaka hayo hayo. Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Wataalamu wakikata kipande cha baka la mtu mzima na kukitazama kwa hadubini, mara nyingi huona chini yake makrofeji yenye weusi ndani. Weusi huo ukichunguzwa huwa ni titani dioksaidi, ile rangi nyeupe iliyotiwa kwenye vyakula na vidonge, pamoja na madini ya alumini na silika. Chembe za titani hizo huwa za nanomita 100 hadi 200. Ziliingia, zikamezwa, zikabaki pale kwa sababu hakuna kitu mwilini cha kuzivunja. Chembe isiyooza inafika vizuri kabisa, ila ikishafika haina pa kwenda.

Ukubwa: nanomita 100 au maikromita 5?

Hapa ndipo maandiko yanapogombana na mgeni hukata tamaa.

Mwaka 1990 Eldridge na wenzake waliwalisha panya chembe zenye rangi inayong'aa. Zilizokuwa na maikromita 10 kushuka chini ziliingia kwenye mabaka, zilizozidi hapo hazikuingia. Za kati ya 5 na 10 zilibaki ndani ya baka. Zilizokuwa chini ya 5 zilibebwa na makrofeji hadi kwenye tezi za limfu za utumbo na hata kwenye wengu. Mwaka 1996 Desai na wenzake walifunga vipande vya utumbo wa panya wakubwa, wakatia ndani PLGA za nanomita 100, nanomita 500, maikromita 1 na maikromita 10. Za nanomita 100 ziliingia kwa ufanisi wa mara 15 hadi 250 kuliko zile kubwa.

Nani mkweli? Wote wawili, ila hawakuuliza swali moja. Eldridge alitaka kujua zinakwenda wapi na zinakaa wapi. Desai alitaka kujua zinaingia kwa wepisi gani. Ukisoma majaribio ya Desai kwa makini utaona jambo linalofaa kukutuliza kidogo: zile ndogo kabisa zilisambaa hadi tabaka za ndani, na zilionekana pia kwenye ukuta usio na mabaka, ingawa mabaka yalipokea zaidi kwa mara 2 hadi 200. Maana yake chembe ndogo haimhitaji bawabu peke yake. Inaweza kupenya kidogo kidogo kupitia seli za kawaida. Chembe ya maikromita moja na zaidi haina ujanja huo. Mlango wake ni seli M au hakuna.

Halafu kuna hesabu ya kitoto ambayo inasahaulika. Chembe ya maikromita 1 ina kipenyo mara 10 ya ile ya nanomita 100, kwa hiyo ujazo wake ni mara 1000. Mtu akikwambia chembe ndogo ziliingia mara mia zaidi, muulize alihesabu vichwa au alipima uzito. Kwa vichwa, mara mia ya ndogo bado ni sehemu moja ya kumi ya mzigo uliobebwa na zile kubwa. Kwa uzito, ni ushindi wa kweli.

Hesabu hiyo hiyo inauma nyumbani pia. Mashine ya kupima ukubwa inakutolea wastani mzuri, tuseme nanomita 900, na wewe unafurahi. Lakini ukitazama tone moja kwa hadubini unaona, katikati ya vumbi laini, mapande machache ya maikromita 10 na 12 yameketi kama mawe ya mafiga. Kila pande la maikromita 10 limebeba mzigo wa chembe 1000 za maikromita 1. Inawezekana nusu ya protini yako imo ndani ya mapande ambayo seli M haitayagusa kamwe. Mimi siku hizi sisomi wastani kabla sijaona mchoro mzima wa mgawanyo, na chembe nazichuja kabla ya kumpa mnyama.

Chaguo langu ni hili. Unataka kingamwili za IgA kwenye utumbo wenyewe, na mzigo ukae muda mrefu kwenye baka: kaa kati ya maikromita 5 na 8. Unataka kinga iende mbali, damuni na wenguni: shuka chini ya maikromita 3, hata nanomita 500. Nanomita 100 na chini ninawaachia wenye mzigo mkali sana unaofanya kazi kwa kiasi kidogo, kwa sababu chembe ya ukubwa huo ni ngumu kujaza, inavuja haraka kwa kuwa eneo la nje ni kubwa ukilinganisha na ujazo, na hujui imepitia mlango gani.

PLGA

Huyu ndiye mzee wa ukoo. Ni polima ya asidi ya laktiki na asidi ya glaikoliki zilizounganishwa kwa vifungo vya esta. Maji huvikata vifungo hivyo taratibu, zikabaki asidi mbili ambazo mwili unazijua na kuzichoma hadi kaboni dioksaidi na maji. Madaktari wa upasuaji wamekuwa wakishonea watu nyuzi za jamii hii tangu miaka ya 1970, na Lupron Depot, sindano ya homoni inayotoka kidogo kidogo kutoka kwenye chembe za jamii hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1989. Kwa hiyo swali la usalama wa polima yenyewe umelirithi likiwa limejibiwa nusu.

Kwa seli M ana sifa nyingine. Eldridge alijaribu polima nyingi kwa pamoja, na zile zinazochukia maji, PLGA ikiwemo, ziliingia vizuri, huku chembe za jamii ya selulosi zikiambulia patupu au karibu na hapo. Pia PLGA haitishwi na asidi ya tumbo. Safari ya tumbo na utumbo mwembamba ni ya saa chache; PLGA ya uwiano wa 50:50 huchukua mwezi mmoja hadi miwili kuvunjika, na ukiongeza asidi ya laktiki hadi 75:25 au 85:15 inachelewa zaidi. Inafika kwa bawabu ikiwa nzima.

Ubaya wake uko ndani, na unaanza siku ya kuitengeneza. Protini inawekwa kwenye tone la maji, tone linapigwa kwa nguvu ndani ya diklorometheni iliyoyeyusha PLGA, kisha mchanganyiko huo unapigwa tena ndani ya maji. Kila protini inayogusa mpaka wa maji na kiyeyushi iko hatarini kufunguka na kupoteza umbo lake. Baadaye, chembe ikianza kuoza, asidi hujikusanya katikati kabla haijapata njia ya kutoka, na pH ya ndani inaweza kushuka chini ya 3. Umeikwepesha protini yako asidi ya tumbo, ukaifungia chumbani na asidi nyingine. Dawa ipo: wengine huweka ndani magnesiamu haidroksaidi, ile ile ya watu wenye kiungulia, ipooze ukali. Inasaidia. Na mabaki ya diklorometheni lazima uyapime, kikomo cha kimataifa kwa dawa ni sehemu 600 kwa milioni.

Kwa protini ngumu, peptaidi fupi, au kijidudu kilichouawa na kusagwa, naanza na PLGA bila kusita. Kwa kimeng'enya laini, hapana.

Kitosani

Kitosani hutokana na kitini ya maganda ya kamba na kaa. Sifa zake ukizisoma kwenye karatasi utaipenda: hakuna kiyeyushi kikali, inatengenezwa kwenye maji. Unaiyeyusha kwenye asidi hafifu, unadondoshea tripolifosfeti, na chembe zinajifunga zenyewe mbele ya macho yako. Maji yanageuka kutoka kuwa meupe ya kioo hadi kuwa na weupe wa samawati kama moshi. Njia hiyo ilitangazwa na Calvo na wenzake mwaka 1997 na imerudiwa kila mahali. Ina chaji chanya, ute wa utumbo una chaji hasi, kwa hiyo inanata. Inalegeza pia mishono kati ya seli na seli kwa muda.

Sasa nieleze kilichonipata. Mara ya kwanza nilizitengeneza zikatoka safi, nanomita 300 na kitu, nikajivuna wiki nzima. Kisha nikazitia kwenye maji ya tumbo bandia, pH 1.2, joto la mwili. Sikuhitaji mashine. Ule weupe wa moshi ukatoweka nikiwa nimeshika chupa mkononi, kama sukari kwenye chai. Kitosani inayeyuka kwenye asidi. pKa yake, yaani pH ambayo nusu ya chaji yake imepotea, ni kama 6.5, na mimi nilijua hivyo tangu darasani. Nilikuwa nimejenga nyumba ya chumvi nikaipeleka mvuani.

Na hata ikivuka tumbo salama, ikifika kwenye pH ya 7 ya mwisho wa utumbo mwembamba inapoteza chaji yake kubwa, yaani ule unato uliokufanya uichague unapungua pale pale mabaka yalipo mengi. Kulegeza mishono nako si zawadi tupu. Mzigo ukipita kando ya seli M, unaingia bila kupelekwa mfukoni, na antijeni (kile ambacho kinga inafundishwa kukitambua) inayoingia utumboni bila ishara ya hatari mwili huizoea badala ya kuipiga vita.

Kwa hiyo kitosani peke yake, ikiwa tupu, kwa kumeza, siipendekezi. Kitosani iliyofungwa ndani ya kapsuli inayovumilia asidi, au iliyotumika kama koti juu ya chembe nyingine, hiyo ni habari tofauti. Na kwa DNA na RNA ina faida ya wazi, maana chaji chanya huzikumbatia nyuzi zenye chaji hasi.

Alginati

Mwani wa kahawia ndio chanzo chake. Ukidondosha myeyusho wake kwenye kalsiamu kloraidi, kila tone linaganda papo hapo likawa ushanga. Protini haijaguswa na joto wala kiyeyushi. Kwa mzigo laini hakuna malighafi ninayoiamini zaidi siku ya kutengeneza.

Na tabia yake kwenye tumbo ni kinyume cha kitosani. Kwenye asidi inajikunja na kukaza. Kwenye pH ya utumbo inavimba. Tatizo ni kwamba haijui kusubiri. Fosfeti na sodiamu vya utumboni huichomoa kalsiamu iliyoshikilia nyuzi, na chembe inaweza kufumuka kabla haijafika kwenye mabaka ya mwisho. Vilevile wavu wake una matundu. Protini ndogo huvuja tangu ikiwa kwenye chupa. Na ule mchezo wa kudondosha kwa sindano hukupa shanga za milimita, ukubwa ambao seli M haiwezi hata kuuota. Lazima upitie emulsheni, yaani matone madogo yaliyopigwa ndani ya mafuta, au unyunyizaji ili ushuke chini ya maikromita 10.

Ndoa ya alginati ndani na kitosani nje inazitibu zote mbili kwa kiasi. Chaji zao zinavutana, koti linakaza matundu, na kila mmoja anamlinda mwenzake mahali anapodhoofika. Ni njia ya kawaida, na mtu mwenye protini laini na maabara isiyo na vifaa vingi angeanzia hapo.

Wengine, kwa kifupi

Polianhidridi huchunuka kutoka nje kuelekea ndani kama kipande cha sabuni, tofauti na PLGA ambayo maji huingia kote ikaoza kwa pamoja. Mathiowitz na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba zinanata kwenye ukuta wa utumbo na kupita. Ni nzuri, lakini hazistahimili unyevu hata kwenye ghala.

Magamba ya hamira ni chaguo ambalo watu wanalipita kimakosa. Hamira ya mkate ikisafishwa hadi ubaki ukuta wake wa glukani, unapata mpira mtupu wa maikromita 2 hadi 4, wenye ukubwa karibu sawa kila mmoja. Makrofeji na seli za dendriti zina kipokezi kiitwacho Dectin-1 kinachoitambua glukani hiyo kama adui, kwa hiyo kinga inaamshwa na chombo chenyewe. Ukubwa huwezi kuuchagua, na kuziba matundu ili mzigo usimwagike ni kazi. Lakini kwa yule mla chembe wa mfukoni, sijui chombo kinachomsemesha waziwazi kuliko hiki.

Polistireni utaikuta kwenye nusu ya majaribio unayosoma, kwa sababu inauzwa ikiwa na ukubwa kamili na rangi inayong'aa. Haiozi. Itumie kujifunza njia, na matokeo yake usiyahamishie kwenye chembe yako bila kurudia.

Koti la nje: linate au liteleze?

Kabla ya seli M kuna ute. Chembe inayonata inashikwa na ute, na ute wenyewe unasukumwa na kutupwa kila mara; inayoteleza kwa kufunikwa PEG nzito, polima inayopenda maji, inapenya ute haraka, lakini ikifika kwenye seli haina cha kushikia. Juu ya mabaka ute ni mwembamba kuliko kwingine, kwa hiyo mimi huegemea kwenye PEG kiasi, si nyingi.

Koti linalostahimili asidi ni suala jingine, na kwangu lina uzito kuliko yote. Eudragit ni jamii ya polima za kufunikia dawa: L100 huyeyuka kuanzia pH 6, S100 kuanzia pH 7. Tofauti hiyo ya tarakimu moja huamua mzigo umwagwe juu au chini kabisa. Mwaka 2012 Zhu, Berzofsky na wenzao walifunika nanochembe za PLGA kwa Eudragit FS30D ili zifunguke kwenye utumbo mpana wa panya, na panya wakapata kinga kwenye utumbo mpana na njia ya uzazi. Zilipofunguliwa kwenye utumbo mwembamba, kinga ilibaki kwenye utumbo mwembamba. Chembe zilikuwa zile zile za PLGA; kilichobadilika ni mahali zilipoachiwa.

Kumwita bawabu kwa jina

Kuna wanaobandika ligandi, yaani molekuli inayoshika kitu maalumu kwenye uso wa seli, juu ya chembe ili seli M iitambue. UEA-1, lektini (protini inayoshika sukari) inayoshika sukari ya fukosi, iliyapeleka maikrochembe kwenye seli M za panya kwa usahihi wa kupendeza. Tatizo ni kwamba seli M za binadamu haziivai fukosi hiyo kwa namna ile, UEA-1 haizitambui. RGD, peptaidi fupi, hushika protini ziitwazo integrini za beta-1, ambazo kwenye seli M ziko upande wa juu. Garinot na wenzake waliitumia kwenye PLGA mwaka 2007. GP2, protini ya uso wa seli M ambayo Hase na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba hunasa bakteria wenye FimH (protini yao ya kushikilia), ipo kwa panya na kwa binadamu, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuanzia ukiamua kuifuata njia hii.

Lakini subiri kwanza. Ligandi ni protini au peptaidi iliyokaa nje, bila kinga yoyote mbele ya pepsini, kimeng'enya cha tumbo kinachokata protini. Ukiibandika kabla hujawa na chembe inayovuka tumbo, umenunua kengele ya mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Upimie wapi?

Seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana wa binadamu, zikioteshwa pamoja na limfosaiti za Raji, zilizotokana na saratani ya limfu, baadhi hugeuka na kufanana na M. Kernéis na wenzake walifungua njia hiyo mwaka 1997 kwa limfosaiti za mabaka ya panya, na Raji zikafuata. Ni rahisi, inafaa kulinganisha chembe kumi kwa wiki moja, lakini haina ute wala baka. Oganoidi, yaani vijiutumbo vilivyooteshwa maabara, zilizolishwa RANKL hutoa seli M halisi zaidi, kwa gharama na uvumilivu. Panya ana mabaka machache, kama 6 hadi 12, wakati binadamu ana mengi zaidi na hupungua uzeeni. Sungura atakudanganya vibaya: tabaka lake la baka linaweza kuwa nusu nzima seli M. Chembe iliyong'ara kwa sungura usiitangazie ushindi.

Mimi hupanga hivi: asidi ya pH 1.2 kwa saa mbili, kisha pH 6.8, ndipo Caco-2 na Raji, ndipo panya. Chembe nyingi hufia kwenye chupa ya kwanza, na hiyo chupa ndiyo rahisi kuliko zote.

Ningekuwa wewe

Una antijeni ngumu na unataka IgA ya utumbo: PLGA 50:50, maikromita 5 hadi 8, ndani ya kapsuli ya S100.

Una protini laini na kifaa chako kikubwa ni kichanganyio: alginati yenye koti la kitosani, chini ya maikromita 5, na upime uvujaji kila siku kwa wiki nzima kabla ya mnyama.

Una DNA: kitosani, lakini ndani ya kapsuli, kamwe isiwe tupu.

Antijeni yako ni dhaifu na haiamshi kinga yenyewe: magamba ya hamira, au PLGA iliyofungiwa pamoja na kichochezi ndani ya chembe hiyo hiyo.

Na kama unachohitaji ni chanjo ya kupewa watu mwaka huu, jua kwamba chanjo za kumeza zilizoidhinishwa kwa binadamu, kama zile za polio, rota, kipindupindu na taifodi, hutumia vijidudu vizima, vilivyodhoofishwa au kuuawa. Hakuna hata moja ya chembe za polima. Kijidudu kizima kinavuka asidi, mara nyingi kikisaidiwa na kapsuli au dawa ya kupooza asidi, kina ukubwa unaofaa, na bawabu anakijua tangu zamani. Kama unaweza kukipata, acha polima kabisa.